Naomba ushauri: povu la whiskey sour linakatika mapema

Wakuu, habari. Nawaomba wanaochanganya vinywaji nyumbani wanisaidie hapa kuhusu whiskey sour, yaani kokteli ya wiski, limau na shira.

Vipimo ni vya kawaida: bourbon (wiski ya Kimarekani ya mahindi) mililita 60, maji ya limau 22, shira 22 (sukari na maji sawa kwa sawa) na ute wa yai moja. Natikisa mara mbili. Kwanza bila barafu sekunde 15 ili ute uumuke, kisha na barafu sekunde 12 hivi, halafu nachuja kwenye glasi.

Ladha haina neno. Shida ni povu: linatoka na viputo vikubwa kama vya sabuni, na dakika mbili hazijaisha limeshakatika. Kiini hakijaingia kwenye ute (tone dogo tu linatosha, mafuta yake yanaua povu), chombo ni kisafi, limau limekamuliwa papo hapo. Ndimu sitaki, harufu yake inaimeza wiski.

Nashuku barafu. Vipande vya friji ya nyumbani ni vidogo, vinayeyuka haraka na kuzimua kinywaji. Je, vipande vinne vikubwa vitasaidia? Au nigeuze mpangilio: nitikise na barafu kwanza, nichuje, kisha nitikise tena bila barafu?

Jingine, kwa mgeni asiyetaka yai bichi: aliyewahi kutumia, badala ya ute, maji mazito ya dengu zilizochemshwa bila chumvi, aliweka mililita ngapi? Na harufu ya dengu je, matone matatu ya Angostura (kiungo kichungu cha kokteli) juu ya povu yanaifunika?