Ushauri wa ndoa na malezi mtandaoni: programu za nje, mshauri wa hapa kwa vidio, au meseji?

Mke wa Msafiri (Tanga)

Heshima kwenu wakuu. Mume wangu yuko Muscat, huu mwaka wa tatu. Mimi niko Tanga na watoto wawili, mkubwa ana miaka 13. Siku hizi kila simu inaishia kwenye pesa, au kwenye huyo mkubwa ambaye ananijibu kama mke mwenzangu. Zamani tungemwita mshenga, lakini wetu ameshatangulia mbele ya haki, na wakwe wana upande wao. Kikao cha wazee nacho hakikai mtu mmoja akiwa ng'ambo.

Nimehangaika mtandaoni nikabakiwa na njia tatu. Kuna programu za Marekani kama BetterHelp, na ReGain ya kampuni hiyohiyo kwa ajili ya wenza. Unalipa kwa dola, kwa kadi. Kuna washauri nasaha wa hapahapa wanaofanya vikao kwa Zoom, unalipa kwa simu kila kikao. Halafu kuna wanaoshauri kwa meseji tu, bei yao iko chini. Mliopitia, nisaidieni. Sina pesa ya kujaribu zote.

Baharia Mstaafu

Dada, mimi nilikaa Muscat miaka sita, kwa hiyo naanza na jambo ambalo hakuna tangazo litakalokwambia. Kipindi nipo kule, simu za WhatsApp zilikuwa hazipiti. Meseji zinaingia, sauti hakuna. Zoom ilipita vizuri. Kabla hujalipa senti, mjaribu na mumeo dakika kumi kwenye programu hiyohiyo atakayotumia mshauri. Sisi kikao cha kwanza kiliishia kwenye "unanisikia? unanisikia?" na saa ikahesabiwa.

Tulichukua mshauri wa Dar. Alianza kuongea na kila mmoja peke yake, halafu ndipo akatuweka pamoja. Alitupa zoezi ambalo mwanzoni niliona ni la watoto: mwenzako anaongea, wewe unanyamaza, kisha unarudia ulichosikia mpaka akubali kwamba ndicho alichosema. Mke wangu alisema, "Hela unatuma, lakini habari za nyumbani huulizi." Nikarudia, "Unasema situmi hela ya kutosha." Ilibidi nirudie mara tatu ndipo nikamsikia. Miaka miwili nilikuwa nagombana na sentensi ambayo hakuisema.

Wanjiru_N

Pole sana dada. Mimi niko Nairobi, nilianza na programu ya nje, jina nitaliacha. Mshauri alikuwa mpole na msomi, sina ubaya naye. Shida ni kwamba nilitumia nusu ya kila kikao kumweleza maisha yetu: kwa nini mama mkwe anakaa nasi miezi mitatu, kwa nini mahari bado ina deni, kwa nini siwezi tu "kuweka mipaka" nikaacha kupokea simu zake. Alinisikiliza kama anasikiliza hadithi ya nchi ya mbali. Halafu mume wangu Kiingereza chake ni cha kazini. Kulia kwa Kiingereza hawezi.

Na suala la siri mliangalie. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliibana BetterHelp kulipa dola milioni 7.8 kwa sababu taarifa za wateja zilikuwa zimepelekwa kwa kampuni kama Facebook na Snapchat kwa ajili ya matangazo, wakati wateja walikuwa wameahidiwa siri. Sisemi wa hapa ni malaika. Muulize mshauri yeyote: daftari langu unaliweka wapi, kikao kinarekodiwa, nani mwingine anaona? Akibabaika, ondoka. Kenya tuna sheria ya washauri na wanasaikolojia ya 2014, kwa hiyo mimi huomba namba ya usajili kabla ya jina la benki.

Kondakta wa Zamani

Mimi natetea meseji kidogo. Tunaishi chumba na sebule, watoto wanne. Nitamwelezea nani mambo ya ndoa yangu kwa sauti? Nilikuwa naandika nikiwa kwenye daladala, usiku mshauri ananijibu. Kwa hasira zangu mimi mwenyewe ilinisaidia mno, maana kuandika kunakupa nafasi ya kufuta.

Ila kwa wawili sishauri. Tulipomwingiza mke wangu, kila mmoja akaanza kupiga picha meseji za mwenzake na kuziweka kama ushahidi. Neno likiandikwa limeandikwa, halina sauti wala uso. "Sawa" yake moja ilitugombanisha wiki nzima.

Ustawi Kanda ya Ziwa

Nafanya kazi ya ustawi wa jamii, nitaongeza matatu.

La kwanza ni zito kuliko yote. Kama nyumbani kuna kipigo, vitisho au mtu anashikiwa simu yake, msikae kikao cha pamoja, iwe Zoom au uso kwa uso. Mwenye hofu hatasema ukweli mbele ya anayemwogopa, na akisema, atalipia kikao kikikatika. Mtandaoni mshauri haoni nani amesimama nyuma ya mlango. Hapo anza peke yako, au nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Kwa mtoto, 116 ni bure, Tanzania na Kenya.

La pili, hivi vikao havichukui nafasi ya baraza. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 101, inataka mgogoro upite kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kabla ya mtu kuomba talaka mahakamani, ukiacha mazingira machache. Nimepokea watu waliokuja na risiti za miezi minane ya ushauri wa mtandaoni wakidhani ndiyo hati. Niliumia kuwarudisha.

La tatu ni huyo kijana. Usimweke kwenye kikao cha ndoa, atageuka hakimu. Kwa malezi kuna vitu vya bure. Wakati wa korona, 2020, WHO, UNICEF na wenzao walitoa vidokezo kwa wazazi katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Cha kwanza ni muda wa wewe na mtoto mmoja tu, dakika 20 hivi, yeye achague cha kufanya, simu pembeni. Kwa wa miaka 13 zungumzeni anachokipenda, mpira au muziki. Wazazi hunidharau nikiwaambia hivi, wakidhani nitawapa dawa kali zaidi. Jaribu wiki mbili.

Mke wa Msafiri (Tanga)

Ahsanteni, nimesoma zote mara mbili. Hapa hakuna kipigo, Alhamdulillah, kuna uchovu tu. Nimechagua mshauri wa hapa kwa Zoom. Ijumaa ni mapumziko yake kule, na wao wako mbele yetu saa moja, kwa hiyo saa tatu usiku yangu ni saa nne yake. Nilimsomea mume wangu maneno ya Baharia kuhusu kurudia ulichosikia. Akanyamaza, kisha akasema, "Na mimi nikurudishie nini, kama hujawahi kuniambia umechoka?"

Sikuwa nimemwambia. Kweli.

Kimebaki kimoja: nyumba yetu dari haifiki ukutani, watoto wanasikia kila kitu. Nikae wapi?

Baharia Mstaafu

Mke wangu alikuwa anakwenda kwa dada yake mtaa wa pili, anajifungia na hedifoni. Shemeji aliambiwa ni masomo.