Tuliolelewa na baba wakali, mlibaki na nini moyoni? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari zenu. Jambo hili linanisumbua tangu nilipotoka hospitali mwezi wa tatu, leo nimeona nilitoe.

Baba yangu ni fundi seremala, Mbeya. Sisi watoto wa kiume tulishika msasa kabla ya kujua kusoma. Nikiwa na miaka tisa nilikuwa nachimba tundu kwenye mguu wa kiti cha mninga, patasi ikateleza, ikaingia kidole gumba cha kushoto mpaka mfupa ukaonekana. Nikapiga ukelele. Baba akachana kitambaa, akakifunga kidole, akakaza, halafu akasema: "Unamlilia nani? Shika kazi." Nikashika kazi. Kiti kile nilikimaliza siku ileile, na damu iliyoingia kwenye mbao tukaisugua kwa msasa.

Baba hakuwa mtu mbaya. Ada yangu haikuchelewa hata muhula mmoja, na mara nyingi niliamka usiku nikasikia randa inalia kibandani. Ila miaka yote niliyokaa nyumbani kwake sikuwahi kusikia neno "vizuri". Kazi ikiwa mbaya utaambiwa mbele ya wateja. Ikiwa nzuri, anabeba kiti anakipeleka. Nikazoea kwamba akinyamaza, amenisifu.

Sasa mwezi wa tatu tumbo lilianza kunikata Jumatatu. Jumatano nikaanguka kazini. Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Mke wangu akaniuliza wodini, huku analia, "Siku zote hizi tunalala kitanda kimoja, baba fulani, ulishindwa kuniambia?" Sikumficha. Haikunijia kabisa kwamba maumivu ni kitu cha kumwambia mtu. Hata daktari aliponiuliza yanauma kiasi gani, moja hadi kumi, nilimjibu "kawaida tu".

Nina mtoto wa kiume wa miaka sita. Juzi alianguka na baiskeli, akaniangalia kwanza usoni kabla ya kulia. Nikaogopa sana. Wenzangu mliopita njia hii, semeni.

*

Mdau wa Moshi

Pole sana mkuu, na asante kwa kufungua.

Mzee wangu alipigana vita vya Kagera. Alikwenda mwishoni mwa 1978, akarudi mwaka uliofuata baada ya Amin kuangushwa. Mimi nimezaliwa 1981, kwa hiyo yule baba aliyekuwepo kabla ya vita namjua kwa kusimuliwa na shangazi tu. Anasema alikuwa mtu wa kucheka na kupiga mbege na wenzake. Mimi nilimkuta wa kutuamsha saa kumi alfajiri na kukagua vitanda. Shuka likiwa na mkunjo, unakunjua na kutandika upya mpaka jua litoke. Fimbo ilikuwa ya mpera, maana haivunjiki. Shuleni kanuni ya serikali inataka viboko visizidi vinne na viandikwe kitabuni, nyumbani hakuna aliyehesabu.

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, alivaa koti akakaa na redio tangu asubuhi. Hakuna aliyethubutu kumsogelea. Mama alituambia tu, "Mwacheni baba yenu leo."

Nikiwa mtu mzima ndipo niliwaza: huyu mtu aliporudi, nani alimuuliza umeona nini huko? Walimchinjia mbuzi, wakampongeza, kesho yake akashika jembe. Kisha tukazaliwa sisi, tukataka atupe kitu ambacho naye hakupewa. Fimbo sizitetei, mgongo wangu unazikumbuka. Ila hasira niliyokuwa nayo juu yake ilipungua siku ile. Alifariki kabla sijamuuliza mimi mwenyewe, na hilo ndilo linaloniuma kuliko fimbo.

*

Mdau wa Mbagala

Mimi nitasema tofauti, msinikasirikie. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mtaani kwetu vijana tuliokua pamoja, wengi waliingia kwenye unga. Wawili nimewazika. Mimi nilikuwa naogopa mkanda wa mzee kuliko polisi, na huo woga ndio ulionirudisha nyumbani kabla ya magharibi. Leo nina gereji yangu, namshukuru kila nikiswali.

Lakini kwa sababu tunaambiana ukweli: nikifika nyumbani nikipiga honi getini, wanangu wanazima TV na kuingia chumbani. Zamani niliona ni heshima. Siku hizi nakula peke yangu sebuleni nawasikia wanacheka na mama yao huko ndani, nikiingia wananyamaza. Sijui nianzie wapi.

*

Mdada wa Dodoma

Naomba nichangie kama mke. Mume wangu alifiwa na baba yake mwaka jana. Msibani alisimamia kila kitu, kaburi, turubai, chakula cha waombolezaji. Hakutoa chozi, wazee wakamsifu kwamba ni mwanaume. Wiki ya tatu nikamkuta bafuni amefungulia maji ndoo inafurika, yeye ameketi sakafuni. Nilikaa naye hapohapo chini, sikusema kitu. Kaka wa Mbagala, anzia kwa kula nao. Utaona wanavyonyamaza siku za mwanzo, usikate tamaa.

*

Mwanzisha mada tena

Nimesoma wote, Mungu awabariki. Mdau wa Moshi, maneno yako yalinipandisha basi kwenda Mbeya Ijumaa.

Nilimkuta mzee kwenye kibanda chake. Hafanyi kazi tena, ana mtoto wa jicho, lakini anapenda kukaa palepale penye harufu ya mbao. Nilimsalimia, tukakaa. Ilinichukua karibu saa nzima. Nikamwambia, "Baba, siku ile nilipojikata kidole, iliniuma sana."

Akauliza, "Kidole kipi?"

Miaka 29 nimetembea na siku ile, mwenzangu hana habari nayo. Nilitaka kuinuka niondoke. Kisha akanyamaza kidogo, akauliza, "Ni ile patasi ya inchi moja, yenye mpini wa mpingo?" Nikasema ndiyo. Akasema ilikuwa kali mno kwa mtoto, asingenipa ile.

Akauvuta mkono wangu, akausogeza dirishani penye mwanga, akaanza kupapasa kidole kimoja kimoja mpaka akalipata kovu.