Mjadala: Je, taa za mirija za matangi ya matumbawe ziachwe nje ya marufuku?

Mleta mada

Agosti 2023 Umoja wa Ulaya ulifunga soko la taa za mirija za T5 na T8 (majina ya unene wa mrija) za matumizi ya kawaida kwa sababu zina zebaki, na Novemba mwaka huohuo nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, zikakubaliana kwamba taa za aina hiyo zikome kutengenezwa na kuuzwa kati ya nchi na nchi ifikapo mwisho wa 2027. Tangu hapo nawasikia wafugaji wenzangu wa matumbawe huku Ulaya wakidai kwamba taa za matangi zisiguswe, kwa hoja kuwa taa za LED zinazochukua nafasi yake zinaua matumbawe. Mimi naona kinachoua ni pupa yetu.

Ndani ya tishu za tumbawe huishi mwani wa chembe moja, ambao hulilisha kwa sukari inayotokana na usanisinuru. Mwanga ukiongezeka ghafla, mwani huo hushindwa kuutumia wote, hutoa kemikali za oksijeni zinazomdhuru mwenyeji wake, naye humfukuza mpangaji. Ndipo tumbawe linapopauka. Mwanga ukipungua, tumbawe hugeuka kahawia, kwa kuwa mwani huongeza rangi yake ili unase kile kidogo kilichopo.

Nilipohamia LED niliiweka taa katika mwangaza ambao macho yangu yaliuona sawa na ule wa zamani. Siku ya tisa Acropora zangu, matumbawe yenye matawi, zilikuwa nyeupe kuanzia nchani. Baadaye niliazima kipimo cha mwanga: chini ya mirija zilikuwa zikipata mwanga wa takriban maikromoli 180 kwa kila mita ya mraba kwa sekunde, na chini ya LED zikapata 420. Jicho la binadamu huuona mwanga wa buluu kuwa hafifu, ilhali kwa mwani ni chakula tosha. Sasa, hilo ni kosa la taa?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, maelezo yako ya kupauka ni sahihi, lakini umelikwepa jambo zito. Mrija ni mrefu, kwa hiyo mwanga wake huliangukia tumbawe kutoka pande nyingi, wakati LED hutoa mwanga kutoka sehemu ndogo na kuacha vivuli vikali. Tumbawe lenye matawi hung'aa juu na kufa taratibu chini, hata kama mwenyewe alipandisha mwanga kwa miezi mitatu. Kuziba vivuli hivyo kunahitaji taa mbili au tatu juu ya tangi moja, na bei yake si ya kila mtu.

Mchangiaji wa pili

Mimi natumia mirija hadi leo na siungi mkono kusamehewa. Tusijifanye kwamba mirija haina majanga yake: baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili nguvu yake hushuka, na mfugaji anayebadilisha mirija yote sita kwa siku moja hupausha matumbawe yake bila LED yoyote kuhusika. Tulijifunza kubadilisha mmoja mmoja, wiki kwa wiki; tutajifunza na hili.

Mleta mada

Kuhusu vivuli nakubali, nami nililikwepa kweli. Nilimaliza tatizo kwangu kwa kuinua taa sentimita kumi na tano na kuongeza ya pili iliyotumika, ila mwenye tangi refu hataponea hapo. Kwa hiyo napunguza dai langu: wapewe muda wa kuhama badala ya kusamehewa daima. Muda huo wautumie kuanza LED kwa nusu ya nguvu au chini yake, wapandishe asilimia tano kwa wiki, na wasimame mara rangi inapoanza kufifia, hata kama kipimo kinasema bado. Walio na matumbawe laini wanaweza kwenda haraka kidogo, maana mengi huridhika na maikromoli 50 hadi 150.

Ila ndugu wa kwanza hajanijibu kuhusu zebaki yenyewe: mirija sita kila mwaka kwa kila tangi, ikishachoka, anaipeleka wapi?