Nani huamua kwamba mti wa bustani ya umma ni hatari?

Mkaazi wa Parklands, Nairobi: Katika bustani iliyo karibu nasi, miti mikubwa imepakwa rangi nyekundu, na walinzi wanasema itakatwa kabla ya mvua za vuli kwa sababu ni hatari. Mmoja una pango shinani. Mingine naiona mizima. Ni vigezo gani hutumika, na sisi wakaazi tuna haki ya kudai nini?

Mtunza miti: Pango peke yake si hukumu, kwani nguvu ya shina imo zaidi katika tabaka za nje. Claus Mattheck wa Ujerumani, aliyeeneza ukaguzi wa miti kwa macho, alipendekeza kwamba wasiwasi uanze pale unene wa ukuta usiooza uliobaki kuzunguka pango unapopungua chini ya theluthi moja ya nusukipenyo cha shina. Mimi huogopa zaidi mizizi: uyoga mgumu ulioota kwenye tako la mti, udongo ulioinuka upande mmoja, au mizizi iliyokatwa na wachimbaji wa mitaro ya mabomba. Mti uliokua umeinama tangu ukiwa mchanga haunishtui. Ulioanza kuinama mwezi uliopita nitauzungushia uzio leo hii. Kisha hutazama kilicho chini yake. Mti uliooza ndani kabisa ya msitu wa Karura unaweza kuachiwa ndege, lakini ukisimama juu ya kituo cha matatu hauwezi kuachwa vivyo hivyo, ingawa mara nyingi kupunguza matawi au kuhamisha benchi hutosha.

Mzazi, Ngara: Naomba tusiwalaumu wakataji wote. Mikaratusi mikubwa huangusha matawi hata siku isiyo na upepo, na watoto hucheza chini yake.

Mwanaharakati wa mazingira: Hofu hiyo ni ya haki, ila jiji hili lina sababu ya kushuku. Wangari Maathai alilazimika kuitetea bustani ya Uhuru Park dhidi ya ujenzi mwaka 1989 na Karura miaka kumi baadaye, na mwaka 2020 mugumo (mtini mkubwa) wa Waiyaki Way uliponea chupuchupu ujenzi wa barabara ya juu. Dai ripoti ya kila mti, si ya bustani nzima, na uulize kama aliyekagua ndiye atakayeuza mbao. Akiwa ndiye, ukaguzi huo urudiwe na mwingine. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata taarifa, na sheria ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi la maandishi ndani ya siku 21. Peleka barua wiki hii, kabla misumeno haijafika.