Naomba ushauri: kupanga kabati dogo ili nguo zionekane

Hamjambo wenzangu. Naishi bedsita, yaani chumba kimoja, huku mtaa wa Umoja, Nairobi, na kabati langu ni jembamba: fito moja ya kutundikia, chini yake rafu. Nguo ninazo za kutosha, nyingi za mitumba kutoka Gikomba, nzuri kabisa, lakini asubuhi nikikimbilia matatu sioni ninachokitafuta. Nikivuta blauzi ya chini, rundo lote linaporomoka.

Kinachonisumbua zaidi ni majira. Juni hadi Agosti baridi ya Nairobi ni kali, masweta na makoti yanameza nafasi yote. Halafu Januari jua linawaka na yale mazito bado yako mbele. Nimefikiria kuyaweka kwenye sanduku chini ya kitanda, ila naogopa ukungu na nondo, hasa mvua za Machi hadi Mei zikilowesha kuta.

Je, mnapanga kwa aina ya nguo, kwa rangi, au seti kamili ya kila siku ya kazi? Za kukunja mnazisimamisha wima kama vitabu? Na fundi akiongeza fito ya pili, mbao nyembamba zitahimili? Nisaidieni tafadhali, hasa mnaoishi chumba kimoja.