Walimu wa tuisheni Tanga, nani kawaambia "Je" ni "Do"?

Wakuu,

Msimu wa prifomu wani, yale masomo ya kuwaandaa watoto kwa kidato cha kwanza, ukifika, kuanzia Ngamiani hadi Pongwe kila chumba chenye ubao kinakuwa darasa la Kiingereza. Ada zinalipwa, vitini vinatolewa kopi, na watoto wanarudi nyumbani wakiuliza "Do you are a teacher?" Hawajalitunga wao. Limo kwenye kitini: Je = Do.

"Je" yetu unaitanguliza tu, sentensi haiguswi. Kiingereza kinahamisha kitenzi kisaidizi mbele ya mtenda: "She is sick", "Is she sick?" Sentensi ikikosa kisaidizi ndipo "do" inaletwa, nayo inabeba alama ya nafsi na ya wakati. "He works" inakuwa "Does he work?" kwa sababu ile "s" imehamia kwenye "does". "He went" inakuwa "Did he go?" Anayeandika "Did he went?" ameweka wakati uliopita mara mbili. Kipindi kimoja kinatosha kueleza haya, lakini wanakaririsha maswali kurasa kwa kurasa!

Na "who" je? "Who broke the cup?" haitaki "did", maana "who" ndiye mtenda. "Who did you see?" inaitaka, maana mtenda ni "you". Sijaona kitini kinachogusa hilo.

Tashbihi nazo ni orodha ya kukariri. Mtoto wa Makorora analijua tango la kachumbari, ila akikuta "as cool as a cucumber" kwenye ufahamu anajibu kwamba mtu alisikia baridi, kumbe ni mtulivu asiyebabaika. Muulizeni mambo matatu: nani anafananishwa, na nini, kwa sifa gani. Kwenye "as… as" sifa imetajwa katikati. Kwenye "like" mara nyingi msomaji anaitafuta mwenyewe: "He eats like a bird", yaani anakula kidogo. Akishaelewa, atatunga yake, "as rough as sisal rope", na hataandika "as brave like a lion".

Kinachonichefua zaidi ni "How does she look like?", tena imechapwa kwa wino mzito. Ni "What does she look like?", unauliza sura. "What is she like?" unauliza tabia. "What does she like?" unauliza anachopenda. Kwenye hilo la pili kitenzi ni "is", kwa hiyo "like" ni "kama". Kwenye la tatu "does" inakuonyesha kwamba "like" yenyewe ndiyo kitenzi. Bila kutenganisha hayo, mtoto anaandika "He likes his father" akitaka kusema kafanana naye.

Mnaouza hivyo vitini, virekebisheni au rudisheni hela za watu.

Jibu la 1
Mkuu, ongeza swali la kukanusha. "Aren't you coming?" Sisi tunajibu "Ndiyo, siji." Wao ni "No, I'm not." Mtoto akijibu "Yes" peke yake, Mwingereza anaelewa kwamba anakuja.

Jibu la 2
Na ile "isn't it?" inayobandikwa kila mahali. "You came, didn't you?" "She can cook, can't she?" Mkia unafuata kisaidizi kilekile; kikikosekana, "do" inarudi kazini.