Tupeane uzoefu: Povu lisilochoma, kwa wenye ngozi nyeti

Dobi wa Nywele (mtoa mada)
Wakuu, uzi wa juzi kuhusu mba umenikumbusha swali lisiloisha: "Ngozi yangu nyeti, nitumie shampuu gani?" Na jibu lisiloisha: "Tafuta isiyo na salfeti." Jibu hilo ni nusu tu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayowasha watu.

Salfeti ni jamii ya vitoa povu, na maarufu ni SLS (sodiamu lauril salfeti). SLS inachoma kwa sababu chembe zake ni ndogo na nyingi huelea moja moja majini. Zikifika takriban gramu 2.3 kwa lita ndipo huanza kujikusanya vikundi vikundi. Zile zinazoelea peke yake nje ya vikundi ndizo zinazopenya ngozi kirahisi zaidi. SLES (sodiamu laureth salfeti) ni ndugu yake aliyerefushwa: chembe kubwa zaidi, hujikusanya mapema, huchoma kidogo. Ukiichanganya na betaini (kitoa povu pole cha nazi), vikundi huanza mapema zaidi na chembe za kuzurura hupungua. Kwa hiyo shampuu ya SLES na betaini inaweza kuwa pole kuliko ile "isiyo na salfeti" iliyojaa olefini salfoneti, kitoa povu ambacho si salfeti kwa jina lakini kinakamua mafuta vilevile. Anayejua zaidi ashuke.

Sina Povu
Naunga mkono hoja. Maneno ya mbele ya chupa ni tangazo, habari iko nyuma.

Karatasi ya pH
Na hiyo ya nyuma watu hawajui kuisoma. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi. Vikishuka chini ya asilimia 1 mtengenezaji anaruhusiwa kuvipanga atakavyo, ndiyo maana dondoo la ua fulani linasogezwa mbele likiwa tone tu. Tazama vinne au vitano vya kwanza baada ya maji. Ukikuta majina yanayoishia na *glucoside*, *glutamate*, *glycinate* au *isethionate*, upo sehemu nzuri, hayo ni vitoa povu vya upole. Betaini ikitangulia mbele ya salfeti, nayo ni dalili njema.

Halafu pH, kipimo cha ukali: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni magadi. Ngozi inakaa karibu na 5. Sabuni ya kipande iliyopikwa kwa mafuta na magadi makali iko 9 hadi 10, na huwezi kuishusha mpaka 5.5 ikabaki sabuni. Inavunjika inarudi kuwa mafuta. Anayetaka kipande na ana ngozi nyeti atafute kile cha isethioneti, ile *isethionate* ya kwenye lebo. Kinafanana na sabuni, kinashikwa kama sabuni, ila si sabuni.

Nazi Safi
Mnazunguka sana. Kitu cha asili hakidhuru. Desili glukosidi, moja ya hizo *glucoside*, inatoka kwenye sukari na mafuta ya mimea, haiwezi kumpa mtu mzio. Mengine yote ni kemikali zinazoleta kansa.

Karatasi ya pH
Upupu nao ni wa asili, dada. Mwaka 2017 chama cha Marekani cha madaktari wa mzio wa ngozi, American Contact Dermatitis Society, kiliitaja jamii nzima ya glukosidi kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka. Mwaka 2004 ilikuwa betaini ya nazi. Haina maana ni sumu. Wengi wanazitumia bila shida. Ina maana "pole" na "haileti mzio" ni vitu viwili tofauti. Na SLS kuleta kansa ni uzushi. Inakausha na kuwasha, basi.

Nazi Safi
Kwa hiyo betaini mnayoisifia nayo ni mbaya? Amueni moja.

Mzee Mizani
Tusigombane. Tatizo la betaini mara nyingi ni masalia ya utengenezaji, zile amini ambazo hazikumaliza kugeuka. Betaini iliyosafishwa vizuri haina masalia mengi, ya bei ya kutupa usiiamini. Tofauti ya kuchomwa na mzio ni hii: kuchomwa kunakuja upesi, kunachonyota au kukaza, mahali palepale ulipopaka. Mzio unachelewa siku moja hadi tatu, unawasha, na wa shampuu hupenda kutokea kope, nyuma ya masikio na shingoni, pale povu linapotiririkia. Kichwa chenyewe kinaweza kubaki salama, mtu akalaumu mafuta ya uso miezi na miezi.

Nusu Lita
👆 Kope! Hapo wengi wanakosea.

Dobi wa Nywele
Mzee, wanaotengeneza nyumbani wape vipimo.

Mzee Mizani
Kwa gramu 1000, ya kuogea mwili. Pima kwa mizani, si kwa kikombe.

Betaini ya asilimia 30, gramu 200. Hiyo ni povu halisi (kitoa povu chenyewe bila maji yake) gramu 60. Desili glukosidi ya asilimia 50, gramu 80, povu halisi gramu 40. Jumla asilimia 10, inatosha mwili. Kwa uso shuka mpaka 5 au 6. Shampuu hata 12. Gliserini gramu 30, loweka humo gamu ya zanthani (unga wa kuifanya iwe nzito) gramu 8 kwanza, ukiimwaga kavu kwenye maji inafanya madonge. Kihifadhi, cha kuzuia wadudu wasiote, kwa kipimo cha aliyekiuza. Maji yaliyochujwa ya kujazia.

Sasa sikilizeni: desili glukosidi inakuja na pH ya 11.5 hadi 12.5. Lazima ushushe kwa asidi ya sitriki iliyoyeyushwa, nusu kwa nusu na maji, tone kwa tone, unakoroga, unapima, mpaka 5 hadi 5.5. Korogeni polepole, mkipiga kama mayai mtasubiri povu lishuke hadi kesho. Manukato acheni kabisa. Ngozi nyeti haihitaji kunukia waridi.

Chupa Imevimba
Kuhusu hiyo pH, kuna ndoo ya lita 20 iliyogeuka kisa mtaani. Glukosidi na sodiamu kokoili glutameti, zote pole, kwenye karatasi hakuna kosa. Mpishi akashusha pH mpaka 7.5 akaridhika: "si imekuwa sawa na maji?" Kihifadhi alichotia ni sodiamu benzoeti, ambayo inafanya kazi kwenye pH ya 5 kushuka. Kwa 7.5 ni sawa na kutia chumvi.

Wiki ya kwanza safi. Ya pili uzito umekatika, inamwagika kama maji, kwa sababu wadudu wanaila gamu. Halafu harufu ya soksi. Halafu chupa zikavimba matako, ukifungua zinapumua *pfff*. Mpishi akaogopa akamwaga sitriki kavu, yote kwa mkupuo. pH ikaanguka 3. Glutameti chini ya 5 inakatika, ndoo nzima ikawa kama maziwa yaliyoganda, povu likafa. Kufunika harufu akatia manukato asilimia 3, badala ya nusu asilimia. Mtu wa ngozi nyeti akajipaka hiyo. Shingo nzima ilikuwa ramani.

Sina Povu
"Zikavimba matako" 😂😂

Nazi Safi
Si angeichemsha tu?

Karatasi ya pH
Akiichemsha anapata supu ya wadudu waliokufa, na walichokiacha humo kinabaki. Hiyo ni ya kumwaga. Kihifadhi huwekwa mwanzoni, hakifufui.

Nusu Lita
Mimi nasema watu waache kutengeneza, wanunue.

Chupa Imevimba
Na cha kununua kinaweza kuwa na metili-isothiazolinoni, kihifadhi kinacholeta mzio. Ulaya wameipiga marufuku kwenye vitu vya kupaka na kuacha, na vya kusuuza wameibana kwenye asilimia 0.0015. Sehemu nyingine bado inazagaa. Soma mwisho wa lebo. Na neno "hypoallergenic" (eti haileti mzio) Marekani halina tafsiri ya kisheria, FDA, mamlaka yao ya dawa na vipodozi, wenyewe wanasema hivyo.

Dobi wa Nywele
Kabla ya kuhamia kitu kipya, osha nacho sehemu ndogo upande wa ndani wa mkono, mara mbili kwa siku, siku 7, ukisuuza kama kawaida. Msipake shampuu kavu mkafunika na plasta usiku kucha. Hiyo itamchoma hata kiboko.

Mtoto wa Mwisho
Zile za watoto zisizoliza si zina ganzi ya macho?

Mzee Mizani
Hakuna ganzi. Zina chembe kubwa, betaini nyingi, povu kidogo kwa jumla na pH iliyo karibu na machozi. Ila pH ya 7 ikitulia jichoni si lazima ifae kichwa cha mtu mzima mwenye ekzema (ukurutu).

Sina Povu
Na isethioneti ya unga? Ikipoa inaganda vichembe vichembe.

Mzee Mizani
Ipashe pamoja na betaini kwenye sufuria ya maji ya moto, nyuzi 70 hivi, mpaka itoweke, ndipo uongeze maji. Ukiweka nyingi mno itaganda tu, ni tabia yake. Vaa barakoa unapoipima, vumbi lake likiingia puani utapiga chafya mpaka jioni. pH isitoke kati ya 5 na 8, inavunjika.

Mtoto wa Mwisho
Na nywele zikiwa zimesukwa?

Dobi wa Nywele
Shampuu sehemu moja, maji sehemu nne, kwenye chupa ya mdomo mwembamba. Fuata mistari, bonyeza kwa vidole, usikwaruze. Suuza mara mbili ya unavyodhani inatosha, maana povu linalobaki ndani ya msuko ndilo linalowasha siku ya tatu. Iliyobaki kwenye chupa mwaga siku hiyohiyo, umeshakizimua kihifadhi.

Nusu Lita
Siku ya tatu kweli kabisa.